Mzandiki wa Jumamosi

Everlyne Kahonzi aliyajua maneno kama mchungaji anavyowajua mbuzi wake, moja moja, kwa rangi na kwa tabia. Alifundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na minne, na nusu ya watu wazima wa Matsangoni walipita mikononi mwake, wengine kwa chaki na wengine kwa kiboko. Alipostaafu, wanafunzi wake wa zamani hawakumwacha apumzike. Walimfungulia kundi kwenye simu, na kila asubuhi kabla ya chai alikuta maswali yanamngoja: Mwalimu, hili lina tofauti gani na lile? Mwalimu, tumebishana jana, tuamulie. Naye aliamua, pasi na haraka wala kusitasita, maana kuwa na shaka juu ya neno ni jambo ambalo halijapata kumfika.

Somo lake lililokuwa maarufu kuliko yote lilikuwa la watu wa hila. Aliwapanga kama watoto kwenye mstari wa asubuhi. Mwongo, alisema, anakuambia lisilokuwapo, na akimaliza kusema amemaliza. Laghai anakubembeleza mpaka unampa mwenyewe kwa mkono wako. Ayari anajifanya mtu asiyekuwa yeye, leo mganga, kesho mpima ardhi. "Lakini mzandiki," hapo aliinua kidole, "mzandiki ni yule anayekula nawe sahani moja, anasema amina unaposema amina, na huku anakuchimba. Wengine wanakujia kwa mbele. Huyu yuko ndani ya nyumba. Kwa hiyo neno hili msimrushie kila mtu."

Alilisema hivyo mwaka baada ya mwaka. Kisha, mwezi wa tatu mwaka huu, akalirusha yeye mwenyewe, mbele za watu, na likamwangukia asiyehusika.

Mambo yalianzia kwenye minazi. Marehemu mumewe, Thoya, alimwachia minazi kumi na minne nyuma ya nyumba, na mgema wake alikuwa Mwaringa, mtu mrefu, mkimya, wa miaka hamsini na miwili, aliyekata kwa kotama yake, kisu cha kugemea, kila kidato cha minazi ile. Alipanda asubuhi na jioni. Siku tano za juma mnazi, yaani tembo alilogema, ulikuwa wake, ndiyo ujira wake. Jumatano na Jumamosi ulikuwa wa mwenye shamba.

Enzi za Thoya, siku hizo mbili zilikuwa na taratibu zake. Thoya alikwenda mwenyewe mpaka shinani. Mwaringa alishuka, akamimina kidogo kwenye kifuu, akanywa yeye kwanza, ili mwenye mali aone kwamba hamna sumu, hamna uchawi, hamna maji. Kisha Thoya alionja naye, akajipangusa mdomo, na hapo ndipo kidumu kilipofungwa. Wagiriama wote hufanya hivyo. Anayemimina huanza yeye, na anayepokea hufuata, na mambo yakiharibika baadaye kila mtu anajua yaliharibikia wapi.

Thoya alipofariki, Everlyne aliukata utaratibu huo kama anayefuta ubao. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na pombe alikuwa hajaiweka mdomoni tangu abatizwe. Minazi hakuikataa, hapana, ilikuwa imewasomesha wanawe wote watatu na yeye si mtu wa kutukana kilichomlisha. Lakini alitangaza kwamba ndani ya boma lake hakuna ulimi utakaogusa kitu kile. Kidumu kijazwe, kifungwe, kipakiwe kwenye bodaboda, kiende kwa Idah. Alijiona ameamua vyema, na kwa miaka sita hakuna aliyemwambia vingine.

Idah alikuwa mama wa kutoka bara aliyekuja na mume akabaki bila mume, na mangwe yake, kilabu chake cha mnazi kando ya barabara kuu, ilikuwa safi kuliko hoteli kadhaa za Kilifi. Wanywaji walikaa kwenye magogo chini ya makuti, kila mmoja na mrija wake, na Idah hakumruhusu mtu kutukana wala kutema mate. Mnazi wa Mwalimu ndio uliokuwa ukiwaleta.

Mwaka jana Joram akahamia kwa Everlyne.

Joram alikuwa mdogo wake marehemu, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, aliyefanya kazi ya chumvi huko Gongoni mpaka macho yakamsumbua kwa ule mweupe wa mashamba ya chumvi, au hivyo ndivyo alivyosema. Alikuja na begi moja na Biblia moja. Sauti yake ilikuwa laini kama uji wa mgonjwa, na sala zake za chakula zilikuwa ndefu hata samaki wakapoa. Kanisani walimpa uzee wa kanisa baada ya miezi minne tu. Alikuwa na jino bovu lililomtesa, kwa hiyo muda wote alitafuna karafuu, na ungemjua amepita hata gizani kwa ile harufu.

Huyu ndiye aliyeomba kazi ya kwenda shinani. "Shemeji, usiichafue mikono yako na kitu hiki," alimwambia. "Niachie mimi mwenye dhambi." Everlyne aliguswa. Toka siku hiyo Joram alikipokea kidumu kutoka kwa Mwaringa, akakibeba kwenye kile kinjia kinachopita kisimani, akakileta mbele ya nyumba, na bodaboda ikakichukua.

Basi, mwezi wa pili Idah alileta salamu kwamba mnazi una maji. Mwezi wa tatu alirudisha kidumu kizima. Haukuwa na povu, alisema, ulilala tu kama maji ya kuoshea vyombo, na una kauchungu fulani kasikoeleweka, na wateja wameanza kukaa na wenzao ng'ambo ya barabara. Everlyne alikasirika. Jina lake kwenda na kidumu kibovu lilimuuma kuliko hasara yenyewe.

Alimwuliza Joram maoni yake. Joram alihamisha karafuu kutoka shavu moja kwenda jingine, akashusha pumzi. Hakutaka kumsema mtu, alisema, maana kusemana ni dhambi. Ila mgema akishakuwa juu kule kwenye makuti, nani anamwona? Akaishia hapo, na akainamisha kichwa kana kwamba ameshaanza kumwombea Mwaringa msamaha.

Everlyne alilipima jambo hilo siku tatu. Na hapa ndipo kosa lake lilipo, na lilikuwa kosa la mwalimu hasa: hakupima kama Mwaringa ametenda, alipima aitweje. Mwongo lilikuwa jepesi. Laghai halikufaa, kwa kuwa Mwaringa hakuwa na maneno ya kumbembeleza hata kuku. Ayari, hapana. Akafikiria miaka kumi na tisa ambayo Mwaringa amemgemea, shikamoo zile za kila asubuhi, heshima ile yote, na huku anamtilia maji. Likamjia neno lenyewe, akaliona limekaa kama kofia ya kupimiwa. Akavaa kitenge chake kizuri, akashika njia ya mangweni siku ya Jumapili baada ya ibada, saa ambayo watu wamejaa.

Hakupiga kelele. Alisimama kati ya magogo, mirija yote ikatoka midomoni. Aliwaambia wote waliokuwapo kwamba mnazi wanaoulalamikia haukuharibikia kwake, na kwamba Mwaringa aliyewagemea miaka yote hii ni mzandiki. Alilitamka polepole, silabi zote, kama anayewapa imla. Halafu akarudi nyumbani kula.

Neno la mtu mwingine lingekufa pale pale pamoja na povu. Hili lilikuwa la Mwalimu. Mpaka Jumatatu jioni lilikuwa limefika Roka, likapita hadi Takaungu. Jumanne Mzee Kenga alimtuma mjukuu wake kumwambia Mwaringa asipande tena minazi yake. Jumatano mjane mmoja wa kule nyuma ya shule naye akamsimamisha. Watu hawakuhitaji ushahidi, kwani yule aliyewafundisha maana ya neno ndiye aliyelitumia.

Alhamisi asubuhi Mwaringa alikuja nyumbani kwa Everlyne. Joram alikuwa amekwenda maombi ya kati ya juma. Mwaringa alisimama nje ya baraza, kofia mkononi, kotama kiunoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Everlyne alimwonyesha kiti kwa kidevu. Mwaringa hakukitazama.

Alisema hakuja kugombana. Alikuja kumwarifu kwamba Jumamosi itakuwa siku yake ya mwisho. Angeweza kuacha siku ile ile ya Jumapili, lakini mnazi ukiachwa ghafla makarara yanayotoa tembo hufunga, na minazi haikumkosea. Baada ya hapo atakwenda Gongoni kubeba chumvi, kwani huku hakuna atakayempa tena mnazi apande. Alilisema hilo kwa utulivu, lakini Everlyne aliiona mikono yake, na mikono ile ilikuwa imeshika kofia kama vile inaminya nazi.

"Mwalimu," akasema, "ungeniita mwizi, ningekwenda kuapa. Ungeniita mwongo, ningeleta mashahidi. Umeniita mzandiki, na neno hilo ulinifundisha wewe. Darasa la sita, nilikaa karibu na dirisha. Ulisema mzandiki ni yule anayekula nawe. Nimegema minazi yako miaka kumi na tisa. Sijapata kula kwako hata siku moja. Hata maji ya kunywa sijapata kuyaomba hapa."

Everlyne aliyapitia maneno hayo kama anayesahihisha daftari. Ilikuwa kweli. Mwaringa aliingia shambani kwa upande wa nyuma, akapanda, akashuka, akakabidhi, akaondoka. Hajawahi kuwekewa sahani. Anaweza kuwa mwizi, anaweza kuwa mwongo, lakini kwa sheria aliyoiweka Everlyne mwenyewe, ubaoni, kwa chaki nyeupe, mtu huyu hangeweza kuwa mzandiki hata kama angetaka.

"Wewe ukimaliza kukijaza kidumu, unampa nani?" aliuliza, ingawa alilijua jibu.

"Nampa aliyetumwa na wewe."

"Anaonja?"

"Marehemu alikuwa akionja. Tangu uliposema ulimi usiguse, nami sionji, yeye haonji. Kinafungwa." Mwaringa akaivaa kofia. "Baada ya pale sijui, Mwalimu. Na nisichokiona sikisemi."

Alipokwisha kwenda, Everlyne alikaa palepale na aibu ikampanda toka miguuni. Hakujidanganya kuhusu aibu hiyo. Alikuwa amemwita mtu kwa jina zito kuliko yote aliyonayo, wala hakufanya hata ile kazi ndogo anayoifanya mtoto wa darasa la sita, ya kutazama kama maana inaingia. Kisha akafanya kazi hiyo, amechelewa lakini akaifanya. Nani anakula naye sahani moja? Wanawe wako Mombasa na Nairobi. Mfanyakazi hana. Mezani kwake kuna watu wawili tu, na mmoja ni yeye.

Hakutaka iwe hivyo. Joram alikuwa na pua ya Thoya na kikohozi cha Thoya, na jioni nyingine, akimsikia anafungua mlango, moyo wake ulikuwa ukiruka kabla hajakumbuka. Lakini Everlyne hakuwa mtu wa kukaa na jambo nusu nusu. Alikula chakula cha jioni, akasema amina mahali pa kusema amina, akalala usingizi wake wote.

Jumamosi aliamka mapema kuliko desturi, akapita njia ya nyuma mpaka shinani na chupa ndani ya kikapu. Mwaringa alikuwa ndiyo kwanza anashuka na kibuyu cha mwisho. Everlyne hakumweleza mengi. Alimwambia amjazie chupa kutoka kwenye kidumu kile kile, na afanye kama alivyokuwa akifanya enzi za Thoya. Mwaringa alimtazama kidogo. Akamimina kwenye kifuu, akanywa mbele ya macho yake, akajaza chupa. Everlyne akaifunga, akaiweka chini ya mboga kikapuni, akarudi. Njiani alimwona Joram kwa mbali akielekea shambani, mikono nyuma, akiimba wimbo wa kanisa.

Joram alichukua muda kurudi. Kinjia kile mtu anakitembea kwa dakika tano, naye alitumia ishirini. Alipotokea mbele ya nyumba, harufu ya karafuu ilikuwa kali kuliko siku zote, na kwenye baraza aliikuta meza imetandikwa, na juu yake vikombe viwili vya bati.

"Kiweke hapa, shemeji," Everlyne alisema.

"Mezani? Hapa tunapoombea chakula?"

"Hapo hapo."

Akakiweka. Everlyne alimimina kikombe kimoja kutoka kwenye chupa na kingine kutoka kwenye kidumu. Cha kwanza kilipanda povu, cha pili kilitulia. Akamwambia Joram aonje vyote viwili amwambie tofauti. Joram alirudi nyuma hatua nzima. Yeye ni mzee wa kanisa, alisema, na shemeji anajua hali yake, na ile amri ya boma hili ni nani aliyeiweka.

"Niliiweka mimi, na ilikuwa amri ya kijinga," Everlyne alisema. Akainua kikombe cha kwanza.

Kilikuwa kitamu, chenye ukali mdogo unaochoma puani, na mara moja alielewa kwa nini Thoya alikuwa akirudi kutoka shinani na uso ule wenye furaha. Akakiweka chini, akainua cha pili. Alikunywa kidogo tu, na mwili wake wote ukakaa wima.

Yalikuwa maji ya kisima chake. Kisima kile Thoya alikichimba mwaka waliooana, akakuta maji ya chumvi ya mbali, yenye uchungu nyuma ya ulimi kama umelamba ufunguo. Watoto waliyachukia. Wageni waliyatema kwa adabu. Majirani wote siku hizi wanachota bomba la barabarani, na Mwaringa pia, na ni nyumba hii peke yake inayoyanywa. Yeye ameyanywa miaka arobaini na moja. Angeyatambua kwenye uji, angeyatambua kwenye chai, na sasa aliyatambua kwenye mnazi. Wateja wa Idah walikuwa wakilalamikia kauchungu wasikokajua jina, na jina lake lilikuwa hapa nyumbani, hatua thelathini kutoka mezani.

Joram aliisoma sura yake akaanza kusema. Pengine mgema, akasema, pengine huko juu, mtu hawezi kujua.

"Mwaringa haijui ladha ya kisima changu," Everlyne alimkata. "Hajapata kunywa maji kwangu."

Joram akakaa. Alikaa bila kukaribishwa, kwenye kile kiti ambacho Mwaringa alikikataa. Ilianza kwa ajili ya jino, alisema hatimaye. Usiku mmoja lilimuuma mno, akasikia kwamba mnazi unatuliza. Kikombe kimoja. Kisha jino likaacha kuuma na kikombe kikabaki. Siku hizi anajitolea lita mbili kabla hajafika nyumbani, anajaza kisimani, na karafuu inafunika mengine.

"Na mimi nilipokuuliza ukainamisha kichwa," Everlyne alisema. "Mtu anafukuzwa kazini kwa ajili ya kiu yako, nawe unaniombea chakula." Ilimuuma, ilimuuma sana, kuliko kidumu na kuliko jina. Alikuwa amempenda mtu huyu kwa ajili ya pua ya ndugu yake.

Joram alimwuliza, kwa sauti ndogo, kama atamwita lile neno.

"Neno lako ninalo," Everlyne alimjibu. "Lakini siwezi kukupa leo, kwa sababu nililiweka kwa mtu mwingine. Twende kwanza nikalichukue. Zile lita mbili ziko wapi?"

Zilikuwa nyuma ya choo, ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa gunia. Alimwamuru azilete. Ule wa kidumu aliumwaga mwenyewe chini ya mpapai, akaosha kidumu, akatia ndani yake mnazi safi aliouficha Joram pamoja na uliobaki chupani. Akavaa kitenge kile kile alichokivaa Jumapili. Joram alijaribu kusema kwamba anajisikia vibaya, kwamba mzee wa kanisa kuonekana mangweni ni aibu kwa kanisa. Everlyne alimwambia akibebe kidumu kama anavyokibeba kila Jumamosi, atangulie.

Mangwe ilikuwa imejaa. Walipotokea, mazungumzo yalikatika, na Idah akainuka kutoka kwenye kigoda chake akiifuta mikono. Mwaringa alikuwapo, amekaa peke yake kwenye gogo la mwisho karibu na nguzo, na pande zote mbili za gogo zilikuwa tupu. Alikuwa amekuja kuaga. Kotama hakuwa nayo.

Everlyne alisimama pale pale aliposimama Jumapili. Aliomba kibuyu na mrija, akamimina yeye mwenyewe.

"Jumapili nilisimama hapa nikamwita Mwaringa mzandiki," alisema, kwa sauti ile ile ya imla, ili aliye nyuma kabisa asikie. "Nilikosea. Sikukosea kidogo, nilikosea lote. Mnazi wake ulishuka safi ukatiwa maji nyumbani kwangu, kwa maji ya kisima changu, na mimi mwenyewe ndiye niliyekataza watu wasionje. Neno lile nalitoa kwake, hapa hapa nilipomtupia. Aliyelipeleka kwingine na alifuate."

Kisha akakumbuka kwamba anayemimina huanza yeye. Akainama, akautia mrija kinywani, akavuta. Hakujua kwamba mrija hauingizwi mpaka chini. Akavuta machicha na nyuki mmoja aliyekufa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na mangwe nzima, watu aliowachapa na watu aliowafundisha kusoma, wakacheka kwa mara ya kwanza toka Jumapili. Hakuwakemea. Alijipangusa macho kwa ncha ya kitenge, akavuta tena, akameza, akapeleka kibuyu kwa Mwaringa kwa mikono yote miwili.

Mwaringa alikishika bila kunywa.

"Kiko vipi, Mwalimu?"

"Hakina maji."

Mwaringa akanywa. Alikunywa bila haraka, akaupangusa mrija kwa kiganja, na Mzee Kenga, aliyekuwa kwenye gogo la mbele, akainuka, akaenda kukaa kando yake. Akamwuliza kama Jumatatu atakuwa na nafasi. Mwaringa akamwambia aulize tena Jumatatu, na watu wakacheka tena, na kibuyu kikaanza kuzunguka.

Kulikuwa na swali lililobaki, na kila mtu alikuwa nalo. Fundi mmoja wa mawe, Ochola, ndiye aliyelitoa. Kwa heshima, alisema, Mwalimu ameliondoa neno kwa Mwaringa, basi sasa linakwenda kwa nani? Everlyne alisema hatalisema. Amelirusha mara moja bila kutazama, na mara moja inamtosha. Akaketi kwenye gogo, akanyoosha miguu.

Kibuyu kilipita mkono hadi mkono mpaka kikamfikia Joram, aliyekuwa amesimama ukingoni mwa kivuli na kidumu kitupu miguuni. Mtu aliyempa hakuwa na nia yoyote, alikuwa tu wa pili kwenye mstari. Joram alikishika. Watu wote walimgeukia kumtazama mzee wa kanisa atafanya nini, na wengine walishaanza kutabasamu wakingoja naye avute nyuki.

Labda aliona haya kukataa. Labda kiu ilimshinda. Aliitema karafuu pembeni. Kisha akapuliza mrija, akaugonga mara mbili ukingoni mwa kibuyu, akauchomeka kando, juu ya machicha, akafumba macho akavuta mvuto mmoja mrefu, bila kikohozi, bila tone kumwagika kidevuni. Mkono wake ulifanya yote hayo peke yake, kama mkono wa fundi. Alipofumbua macho hakuna mtu aliyekuwa akitabasamu.

Idah alitazama chini. Ochola akawa amepata jibu la swali lake. Everlyne hakulitamka lile neno, wala hakulazimika.

Mwaringa ndiye aliyesogea kwenye gogo lake, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Keti, mzee," alimwambia. "Anayejua kunywa hivi hanywi amesimama."